Umeipima Akili kwa Nini?

Miaka yote ya chuo kikuu, na kadhaa baada yake, nilikataa kuishi kwa jambo nisiloweza kulithibitisha. Nilisoma hisabati, na hisabati ilinipa raha ambayo sikuipata kwingine: ukishakubali misingi michache, hatua moja inazaa nyingine, na mwisho hakuna wa kukupinga, awe profesa au waziri. Nikasema, basi na maisha yawe hivyo. Nitaanza na yasiyo na shaka, nipande taratibu, mpaka nijue binadamu anaishi kwa ajili gani. Swala niliiacha, wala si kwa dharau. Niliona si uaminifu kusujudu kwa jambo ambalo bado nalichunguza.

Kazi hiyo niliifanya kwa bidii. Niliandika daftarini: nafundisha. Kwa nini? Wanafunzi waelewe. Waelewe ili iweje? Wapate kazi, waishi vizuri. Na kuishi vizuri kuna maana gani? Kila jibu lilidai jingine nyuma yake. Aristotle aliliona hilo kabla ya Kristo: tukitaka kila kitu kwa ajili ya kingine, mlolongo hauna mwisho na kutaka kwetu ni bure; lazima kiwepo kinachotakwa kwa ajili yake chenyewe. Nikakubali. Lakini ni kipi? Kisha nikamsoma David Hume, Mskoti, ambaye mwaka 1740 alionyesha kuwa waandishi wa maadili hueleza mambo yalivyo, mara wakajikuta wanaeleza yanavyopaswa kuwa, bila kusema wamevuka vipi. Ukurasa ule ulininyima usingizi. Kama yuko sahihi, hata ningeijua dunia yote, kila nyota na kila mshipa wa damu, nisingepata humo neno la kuniambia kesho nikiamka nifanye nini.

Wapo wanaofika hapo wakafunga kitabu wakaenda kula. Mimi sikuweza, maana sharti nilijiwekea mwenyewe. Matangani, harusini, kwa wagonjwa, nilikwenda kwa mazoea, na njiani kurudi nikajiuliza ni hoja gani iliyonipeleka. Sikuiona.

Mjomba wangu husomesha darsa msikitini Tanga. Nilikwenda kumsalimu siku ya Idi.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Mama yako ananiambia umeacha kuswali.”

Nikamweleza yote, Aristotle na Hume na daftari langu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo namshukuru hadi leo, kwani angeweza kunikemea.

“Na hiyo akili,” akauliza, “umeipima kwa nini?”

“Kwa akili, mjomba.”

“Basi mshitakiwa ndiye hakimu.”

Akachukua rafuni kitabu cha mwanachuoni Imam Ghazali, Al-Munqidh, tukakisoma pamoja siku zile, yeye akinifasiria. Nilimjua Ghazali wa kile kitabu chake kingine, Ihya, kama watu wa pwani wanavyomjua. Huyu wa Al-Munqidh sikuwahi kukutana naye. Anasimulia jinsi alivyotaka elimu isiyoingiliwa na shaka. Alianza na macho: nyota huonekana ndogo kama dinari, na hesabu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akili ikayasuta macho. Ndipo hisia zikamrudi: ulituamini sisi mpaka akili ilipokuja kutukanusha, wajuaje kwamba nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine? Hakuwa na jibu, kwa sababu kila dalili ya kumjibu ingejengwa kwa akili ileile. Alikaa katika hali hiyo karibu miezi miwili. Anasema kilichomtoa hakikuwa hoja iliyopangwa, bali nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Hapo ndipo nilipogeuka. Kila uthibitisho niliouandika ubaoni ulianza na kitu nilichokipokea kwa imani, na Euclid mwenyewe alianza hivyo. Akili yangu ilisimama juu ya uaminifu ambao haikujipa. Hoja hii haithibitishi kwamba Mungu yupo, na sitaki mtu aitumie hivyo. Iliondoa sharti langu tu, na sharti lilipoondoka nilikuwa huru kujaribu.

Nikarudi kuswali. Ghazali anatofautisha kuijua fasili ya afya na kuwa mzima, na mimi maana ya maisha nilikuwa naitafutia fasili. Ilinijia polepole, katika kusimama na kurukuu, kwamba mimi ni mja, na kwamba yule mgonjwa niliyemtembelea bila hoja nilikuwa nadaiwa kumtembelea. Sikulifikia hilo kwa hatua. Lakini nalijua kwa uthabiti kuliko mengi niliyoyafikia kwa hatua.

Mwaka 1095 Ghazali aliacha kufundisha Baghdad, kwenye cheo kikubwa, ulimi wake ukiwa umefungika. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, Nishapur, akasema hakurudi kule alikokuwa: zamani alifundisha elimu ya kutafuta jaha, sasa ile ya kuiacha. Mimi nami nafundisha hisabati ileile, kidato kilekile, na sitaki mwanafunzi wangu apunguze hata swali moja.

Sasa tunasoma Ihya na mjomba. Kitabu cha kwanza ndani ya Ihya ni cha elimu, na mlango wa saba, tunaouanza Ijumaa, unahusu utukufu wa akili. Nimeshaandika maswali yangu, na mjomba ameniambia niyalete yote.