Sahihi Yangu Kwenye Banda la Gari

Banda langu la gari lililetwa likiwa vipande vya chuma vilivyokatwa kiwandani. Mafundi wakaliunganisha kwa siku moja. Mkataba ulitaja bati la geji 28. Lililofungwa lilikuwa la geji 32, jembamba zaidi. Nguzo zilisimamishwa juu ya zege bila kufungwa kwa boliti. Masika yalipoanza, upepo uliling'oa, ukuta mmoja ukaanguka mahali ambapo mwanangu hucheza jioni. Mungu alimnusuru.

Mkandarasi anastahili lawama. Lakini hati ya makabidhiano inasema: "Kazi imekaguliwa." Sahihi ni yangu. Sikukagua chochote, nilikuwa na haraka.

Ndugu msomaji, madarasa yanayopasuka kuta kabla hayajazeeka nayo yalipokelewa kwa sahihi ya mtu. Ukiletewa hati kama hiyo kesho, kalitazame jengo kwanza.