Nirudi Wapi?

Vijana wengi hapa Nairobi wanaijua Sandhausen kwa sababu ya mkeka. Jumamosi mchana, mechi za daraja la pili Ujerumani huwa zishaingia kwenye simu, na msee ambaye hawezi kukuonyesha Heidenheim kwenye ramani atakuapia kwamba wakiwa nyumbani hawakuangushi. Nami niliingia kwa mlango huo huo. Kilichonifanya nibaki ni msimu wa 2022/23.

Msimu huo, Hamburg walikuwa wanapigania kurudi Bundesliga. Hawa si watu wadogo: mwaka 1983 waliifunga Juventus wakawa mabingwa wa Ulaya. Uwanjani kwao kulikuwa na saa iliyohesabu miaka, siku, hadi sekunde walizokaa Bundesliga bila kushuka tangu 1963. Mwaka 2018 wakashuka. Tangu hapo waliishi daraja la pili kama mgeni asiyefungua sanduku. Walimaliza nafasi ya nne mara tatu mfululizo, kisha ya tatu, na makocha wakaja na kwenda.

Heidenheim ni mji wa watu kama 50,000 hivi. Kocha wao, Frank Schmidt, ni mzaliwa wa pale pale. Aliichukua timu mwaka 2007 ikiwa Oberliga, huko chini ambako kamera hazifiki. Ilimchukua hadi 2014 kuifikisha daraja la pili, na hakuna aliyesema iko pale kwa muda.

Ikafika Mei 28, 2023, siku ya mwisho. Wawili wa kwanza hupanda moja kwa moja. Wa tatu hucheza mchujo na timu ya 16 ya Bundesliga. Darmstadt walishapanda, ikabaki nafasi moja. Hamburg waliishinda Sandhausen 1-0, mashabiki wakamwagika uwanjani, na mtangazaji wa uwanja akawapongeza kwa kupanda. Lakini kule Regensburg mpira ulikuwa bado unachezwa. Heidenheim, waliokuwa nyuma 2-0, walikuwa wamerudisha moja. Dakika ya 93, Jan-Niklas Beste akafunga penalti. Sare haikutosha. Dakika ya 99, Tim Kleindienst akafunga la tatu. Heidenheim wakapanda, tena kama mabingwa. Hamburg wakaenda mchujo, Stuttgart wakawachapa 3-0, kisha 3-1.

Watu husimulia dakika hiyo ya 99 kama funzo la kutokata tamaa. Mimi hunijia swali lingine: je, mpira ule ungetoka nje? Schmidt angekuwa amefanya kazi ile ile miaka 16, mechi zile zile 34, na Jumatatu angeamka Heidenheim, kwao. Bao lile liliwapandisha daraja. Thamani ya miaka ile yote ilikuwepo kabla halijafungwa.

Nayasema haya kwa sababu tangu niache chuo, kila harusi na kila matanga shangazi yangu huniuliza, "Sasa utarudi lini?" Haulizi kwa ubaya. Kwake yeye, kuandika makala na kufukuzia malipo ni chumba cha kungojea, na maisha yenyewe yako nyuma ya mlango fulani, na mimi nimekaa tu nasubiri jina langu liitwe. Kuna miezi kodi hunifanya nimwamini. Lakini mtu akiishi kila siku akisema "hapa napita tu," hata kazi huifanya kwa mkono mmoja, na ule mwingine umeshika sanduku.

Hamburg walipanda hatimaye mwaka 2025, baada ya misimu saba. Nilifurahi kwa ajili yao, kweli. Ila nikiulizwa tena, jibu langu ninalo: Shangazi, nirudi wapi? Niko kazini, na Ijumaa nina makala ya kupeleka.