Jina Nyuma ya Picha



Jumanne ya juma lililopita, tukiwa ofisini tunapanga ratiba ya Misa za jumuiya, alitujia mzee mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu. Si wa imani yetu, bali ni jirani mwema wa miaka mingi, na katika ujana wake alikuwa baharia katika jahazi la marehemu baba yake. Tulimwamkia, tukamkaribisha kiti. Baada ya mazungumzo ya kawaida alituuliza kama parokia ingali na picha ya jahazi hilo. Mmisionari mmoja wa zamani, alisema, alilipiga picha likiwa limepwelewa ufukweni, mafundi wakilitia kalafati, naye akiwa mtoto wa miaka tisa hivi alisimama karibu na usukani.

“Nataka wajukuu zangu waione kabla sijaondoka, Padre,” alisema.

Tulimjibu kwamba tutaitafuta. Wapendwa, jibu hilo halikuwa la kweli. Tulijua kwamba picha hiyo haipo, na tulijua kwa nini haipo. Mwaka 2009, tukiwa paroko msaidizi katika parokia hii hii na mafuta ya upadrisho hayajakauka mikononi, tulikabidhiwa kazi ya kusafisha stoo iliyo nyuma ya sakristia. Mlikuwamo masanduku matatu ya mbao: picha zilizogandana kwa unyevu, vioo vya picha vilivyoota ukungu, na makopo ya filamu yaliyonuka siki. Tulitazama chache juu juu, hatukumtambua mtu yeyote, tukaamuru zichomwe pamoja na makuti mabovu. Vioo vilifukiwa shimoni. Hakuna aliyetuzuia, wala hatukumuuliza mtu. Jioni ile tulijisifu kwamba stoo inapendeza.

Uzito wa tendo hilo tulikuja kuutambua miaka kumi baadaye, mbali sana na hapa. Mwaka 2019 tulitumwa kusaidia huduma za kiroho wakati wa kiangazi katika mji wa New Bedford, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ni mji wa bandari, uliopata jina kwa uwindaji wa nyangumi, na baadhi ya watu wake asili yao ni visiwa vya Cape Verde, magharibi mwa Afrika. Wengi wao ni Wakatoliki. Dominika moja bibi mmoja alitualika chakula cha mchana. Ukutani, mahali ambapo sisi huku tungetundika picha ya arusi, alikuwa ametundika picha ya merikebu.

Merikebu ile ni ya aina iitwayo skuna. Ina milingoti miwili, nyingine huwa na zaidi, na matanga yake hushikwa nyuma ya mlingoti kwa urefu wa chombo, tofauti na tanga la jahazi letu linaloning’inia kwenye foromali. Skuna ya bibi iliundwa mwaka 1894 katika kijiji cha Essex, huko huko Massachusetts, ikapewa jina la Effie M. Morrissey, binti wa nahodha wake wa kwanza. Kwa miaka mingi ilivua samaki aina ya chewa wa bahari ya baridi. Mwaka 1925 ilinunuliwa na Kapteni Bob Bartlett, mzaliwa wa Newfoundland, ambaye aliisafirisha kaskazini kwenye barafu karibu kila mwaka hadi 1945. Mwaka 1940 alifika nayo umbali usiotimia maili 600 kutoka Ncha ya Kaskazini. Bartlett alikuwa na desturi ya kuchukua wapiga picha na wapiga filamu pamoja na wanasayansi na vijana wa shule, na kwa sababu hiyo leo mtu anaweza kuiona skuna ile ikipenya katikati ya barafu, matanga yametuna, ingawa nahodha wake alifariki mwaka 1946.

Lakini si hiyo ndiyo skuna aliyoijua bibi yetu. Baada ya kifo cha Bartlett chombo kiliuzwa, kikaungua, kikazama, kikaopolewa. Mwaka 1948 kilinunuliwa na nahodha wa Cape Verde, Henrique Mendes, akakiita Ernestina, naye kwa jina la binti yake. Hadi mwaka 1965 Ernestina ilivuka bahari ya Atlantiki kwa matanga, ikileta wahamiaji Marekani na kurudisha visiwani nguo, vyakula na barua. Yasemekana ndiyo chombo cha mwisho cha matanga kilichofanya kazi ya kuleta wahamiaji nchini humo. Bibi alikuja nayo akiwa msichana mdogo. Safari, alituambia, ilichukua zaidi ya mwezi, na mama yake alitapika nusu ya mwezi huo.

Skuna yenyewe hatukuiona. Mwaka 1982 taifa jipya la Cape Verde liliwapa watu wa Marekani Ernestina iwe zawadi, baada ya kuitengeneza. Lakini mwaka ule wa 2019 ilikuwa Boothbay Harbor, jimbo la Maine, imefunuliwa mataruma, mbao mpya zikipachikwa mahali pa zilizooza. Ilirudi Massachusetts mwaka 2022 na sasa ni chombo cha kufundishia mabaharia, ikibeba majina yake yote mawili: Ernestina-Morrissey. Sisi tulichokiona ni ile picha ya ukutani tu.

Bibi aliishusha, akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na majina kumi na moja kwa penseli, kwa mwandiko wa mama yake. Yule aliyeegemea mlingoti ni mjomba. Yule mwenye kofia alikufa mwaka uliofuata. Yule anayecheka alikuwa mpishi, na hakuna aliyewahi kumsamehe kwa uji wake. Alituambia kwamba aliwahi kuiona picha hiyo hiyo katika maonyesho, na chini yake yameandikwa maneno mawili tu: abiria, mabaharia. Aliwaendea wahusika akiwa na karatasi yake mkononi, na hakuondoka hadi walipoandika majina. Tulicheka pamoja naye, lakini chakula hakikupita tena kooni kwa urahisi, kwa maana tulikumbuka kile tulichokisema mbele ya yale masanduku matatu: hatumtambui mtu yeyote.

Tangu siku hiyo tumesoma kidogo kuhusu jambo hili. Merikebu ya mbao haidumu; hata ile inayotunzwa hubadilishwa ubao mmoja mmoja, hata wengine huuliza kama kweli ni ile ile. Kule Seattle ilikuwako skuna Wawona, iliyoundwa mwaka 1897 kubebea mbao na baadaye kuvulia chewa. Iliingizwa, mwaka 1970, katika orodha ya kitaifa ya mahali pa kihistoria nchini Marekani. Heshima haizuii kuoza. Mwaka 2009 ilibomolewa. Hata hivyo mwaka 1985 walikuja wachoraji na wapiga picha wa serikali, wakaipima na kuipiga picha, na kazi yao imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge huko Washington. Mwaka ule ule ambao Wawona ilibomolewa ndio tuliochoma masanduku yetu. Wao walipoteza chombo wakabaki na picha. Sisi tulivipoteza vyote viwili.

Na skuna ya Kanada, Bluenose, iliyoshushwa majini mwaka 1921 na kuangamia kwenye mwamba huko Haiti mwaka 1946, hadi leo sura yake imo katika sarafu ya senti kumi. Picha alizozipiga Wallace MacAskill ndizo zilizotumika kutengeneza stempu yake maarufu ya mwaka 1929. Watoto ambao hawajawahi kuiona bahari huitia mfukoni.

Msidhani picha yenyewe haiozi. Filamu za zamani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, nyingi zilitengenezwa kwa naitrati, kitu kinachoshika moto upesi na kisichozimika hata majini. Zilizofuata, za asetati, haziwaki hivyo, lakini katika joto na unyevu huanza kunuka siki, kisha husinyaa na kupasuka. Siki ile tuliyoinusa stooni ilikuwa ni filamu ikiomba mahali pakavu na pa baridi. Sisi tuliipa moto.

Mtasema, Padre, hayo ni ya Wazungu na skuna zao. Sivyo. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia na mpiga picha mzaliwa wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, akafuata nalo pepo za kaskazi hadi Lamu, Mombasa, Unguja, na delta ya Rufiji walikopakia boriti za mikoko. Picha zake zimo katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari huko Greenwich, Uingereza, na nyingine zilichapishwa kwa kitabu mwaka 2006. Tukizitazama twawaona mabaharia wakikwea foromali, wakivuta kamba, wakilala juu ya shehena. Villiers alistahili shukrani, kwa maana aliwaandika watu kwa majina. Lakini safari yake ilikuwa ya msimu mmoja, na macho yake yalikuwa ya mgeni. Majahazi yaliyoundwa kwenye fukwe zetu na babu zetu, nani aliyeyaandika?

Basi, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Jumamosi tulikwenda nyumbani kwa mzee wetu. Tulimwambia yote: stoo, masanduku, makuti, na uongo wa Jumanne. Alinyamaza kwa muda mrefu, akiuchezea mkongojo wake. Tulikuwa tayari kwa hasira; pengine tungeipendelea.

“Mwanangu,” alisema mwishowe, “kilicholiwa na moto hakitapikwi. Una simu ya picha?”

Tulikuwa tumefuatana na kijana mmoja wa kwaya, naye alikuwa nayo. Mzee aliwaita wajukuu zake, akatuongoza hadi ufukweni, kule ambako kipande cha mkuku kingali kimezama nusu katika tope la mikoko. Hatukuwahi kujua kwamba ni mkuku. Tulidhani ni gogo. Alisimama kwenye ncha yake moja, akasema, “Hapa ndipo tezi. Usukani ulikuwa hapa, na mimi nilisimama hapa.” Kisha akaanza kuwataja: nahodha, ambaye ni baba yake, sarahangi, mpishi, fundi aliyeliunda na mtoto wa fundi aliyepotea baharini. Alionyesha kwa mikono jinsi pamba ilivyopigwa katikati ya mbao. Alisema kwa dakika hamsini na mbili. Mara mbili alimkaripia kijana kwa kutikisa simu, na mara moja alisimama kwa sababu jina la baharia mmoja lilimtoroka. Lilimrudia tulipokuwa njiani kurejea, akatulazimisha kugeuka hadi pale pale kwenye mkuku ili alitaje.

Filamu hiyo tumeihifadhi katika nakala tatu: moja kwa mzee, moja ofisini, na moja jimboni. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa tatu hadi saa sita asubuhi, vijana watakaa ofisini na mashine ya kunakili picha. Leteni picha zenu za vyombo, za ufukwe, za mafundi na mabaharia, ninyi pamoja na majirani zetu wa imani nyingine. Mtaondoka nazo siku hiyo hiyo. Zilizogandana msizibandue, zileteni kama zilivyo. Na kila picha ije na mtu anayewafahamu waliomo. Kama mzee huyo hawezi kutembea, tuarifuni, tutamfuata nyumbani.