Agaseke ya Mama

Mwaka 2015 tulikimbia Nyanza-Lac. Tulilala Kagunga siku nyingi, halafu meli ya Liemba ikatufikisha Kigoma. Mama alibeba agaseke moja tu, ndani yake vitambulisho vyetu. Tulipopata nyumba kambini alikataa kuitundika ukutani. "Nikipamba hapa, basi nimekubali kwamba kule si kwetu tena." Akaificha.

Juzi mdogo wangu, aliyezaliwa kambini, aliiona akauliza, "Mama, hii kofia ya nani?" Mama alinyamaza. Kesho yake akaleta nyasi na sindano, akamfundisha kuanzia kitako, duru kwa duru.

Sasa ziko mbili ukutani. Ya mtoto imepinda kidogo. Wazazi, kupamba nyumba siyo kusahau kwetu. Tuwafundishe.