Kuna Habari Gani Leo?



Mimi ni katekista. Kazi yangu ni kuwapelekea watu Habari Njema, na kwa ajili ya kazi hiyo nilisoma miaka mingi seminarini. Lakini ilikuwapo nyumba moja ambamo niliingiza habari mbaya kila jioni, na nyumba hiyo ilikuwa yangu mwenyewe.

Mnakumbuka mafuriko ya Uvira, mwezi wa Aprili 2020. Mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu, ukabomoa nyumba kwa maelfu. Mama yangu alikuwa na nyumba ya matofali mabichi karibu na mto huo. Hakubakiwa hata na mlango. Tulimshukuru Mungu kwa kuwa yeye mwenyewe alipona, tukamleta kwetu, juu kidogo, penye mteremko wa mlima. Mama alikuwa mchuuzi wa ndagala tangu mimi sijazaliwa. Beseni zake, mikeka yake ya kuanikia, akiba yake ndogo, vyote vilikwenda na maji. Tangu siku ile akawa mtu wa kitandani. Hakuwa na homa. Alikula vijiko viwili vya ugali, kisha akageukia ukuta.

Kila jioni niliporudi aliniuliza: «Mwanangu, kuna habari gani leo?» Nami nilimjibu kama karani anayesoma madeni. Unga umepanda bei. Barabara imekatika tena. Kipindupindu kimeingia mtaa fulani, mtoto wa fulani amezikwa. Sikusema uwongo hata mara moja. Nilidhani kwamba kusema mambo magumu tu ndiko kusema kweli. Basi jioni moja nikaingia, Mama hakuuliza. Kesho yake hakuuliza. Wiki nzima hakuuliza, nami nikaogopa kuliko ningemwona na homa.

Aliyetusaidia ni binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita. Usiku mmoja usio na mwezi alitoka nje, akarudi mbio: «Nyanya, mataa ni mengi ziwani! Ni kama mji!»

Kwa ajili ya ninyi mnaokaa mbali na Tanganyika, nieleze kidogo. Wavuvi wetu hufunga mitumbwi pamoja kwa miti, hushusha wavu chini, na huwasha taa juu ya maji. Ndagala huifuata taa, kisha wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaijali taa, na wavuvi wengi hukaa nyumbani. Giza likirudi, ziwa lote huwaka.

Mama akasema, pasipo kugeuka: «Mengi kiasi gani?»

Mtoto hakujua kuhesabu kupita ishirini. Akatoka, akahesabu ishirini, akaja kumwambia. Akatoka tena, akaleta ishirini nyingine. Safari ya nne Mama akacheka. «Huyu ananihesabia taa zilezile!» Akaomba fimbo. Tukamketisha mlangoni na kitenge mabegani, naye akatazama ziwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Halafu akasema: «Kesho bei itaanguka. Mwambie mke wako ashuke ufukoni mapema, anunue, aanike kabla ya jua kali.» Asubuhi ikawa hivyo hivyo. Mke wangu alirudi na beseni iliyojaa, na faranga nyingine zimebaki mkononi. Mama akala, akaomba tena sombe.

Nilikwenda kwenye mafundisho siku ile nikiwa na aibu. Mara ngapi nimewaeleza wakatekumeni ule mfano wa Mtakatifu Luka, wa mwanamke aliyepoteza kipande kimoja cha fedha kati ya kumi? Kila mara nilikaza neno la toba, na ni haki. Lakini sikuwa nimefanya hesabu yake. Juzi alikuwa na vipande kumi, leo anavyo kumi. Hakutajirika hata kidogo! Hata hivyo anaita rafiki na majirani wafurahi pamoja naye. (Mke wangu anasema kwamba bila shaka aliwapikia, na kipande kile kikaisha siku ileile.) Tena Papa Paulo wa Sita, mwaka 1975, aliandika barua nzima juu ya furaha, akataja humo hata furaha ya kazi iliyofanywa vema, na ya utulivu wa viumbe. Niliisoma seminarini kwa ajili ya mtihani. Nilipata alama nzuri, nikaisahau.

Basi nikaanza kumtafutia Mama jambo moja kila siku. Msidhani ni rahisi. Siku ya kwanza nilitembea saa nzima toka kanisani hata nyumbani, nikafika mikono mitupu. Macho yangu yalikuwa yamezoea mashimo ya njia. Siku ya pili nilimwona fundi wa kinga akimziba mtoto wa shule tairi, na mtoto akamlipa kwa embe, na fundi akamrudishia nusu. Siku nyingine mama mmoja katika mafundisho, mwenye mvi, aliandika jina lake mara ya kwanza ubaoni. Akalitazama, kisha akalifuta haraka, asije mtu akamfutia. Mama yangu alinitaka nimsimulie hilo mara tatu.

Habari mbaya sikuacha kuzileta. Mzee si mtoto wa kufichwa. Wala siendi na visa vyangu vidogo penye matanga. Mwaka ule nilikaa na baba aliyemzika mwanawe, toka asubuhi hata jua kuzama, na sikufungua kinywa ila kwa kusali.

Mwaka 2021 Mama alirudi ufukoni na beseni moja mpya. Jioni moja nilirudi toka maziko ya rafiki yangu, tuliyesoma naye. Nikaketi kizingitini kimya. Nilitafuta moyoni jambo la kumpa, sikuliona.

Mama akanisogezea kiti. «Leo usitafute,» akasema. «Leo mwenye habari ni mimi. Kuku wa jirani ametaga ndani ya beseni yangu, na jirani anataka kulipa nusu ya yai.»