Oili ya gia boksi na ukimya wangu

Najua nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki kadhaa. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimehama nchi au nimeoa kimyakimya. Wala! Nilikuwa na deni, na deni lenyewe limenifundisha jambo ambalo nimeona nisibaki nalo peke yangu. Leo sizungumzii siasa wala mpira. Nazungumzia oili ya gia boksi.

Usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho.

Mjomba wangu alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30. Alipostaafu, sehemu ya kiinua mgongo chake alinunulia Vitz ya mtumba kutoka Japani, lile umbo la pili lililoanza kutoka kiwandani mwaka 2005. Kwa wanaojua namba, ni SCP90, injini ya sisi 1,300. Analifanyia teksi ya mtandaoni hapa Dar. Mimi naishi kwake Tabata na nakula kwake. Kwa hiyo gari hilo ndilo linalolipa ada ya binamu yangu, ndilo linalonunua luku, na tukisema ukweli ndilo linalonilisha hata mimi ninayejiita mwandishi wa habari.

Siku moja akapata msiba Songea. Kabla hajaondoka akanipa ufunguo na shilingi laki moja na nusu. Akaniambia, "Mjomba, nipelekee gari kwa fundi akamwage oili ya gia boksi. Nunua ile yenyewe, usininunulie maji ya rangi."

Nikaenda Gerezani, Kariakoo. Mwenye duka la spea akaniuliza gari gani, nikamwambia Vitz. Akauliza, "Oto?" Nikajibu, "Oto." Akageuka, akashusha galoni ya lita nne yenye maandishi ATF na Dexron III. "Hii inaingia gari zote, bosi wangu." Elfu arobaini na tano.

Wadau, mimi kazi yangu ni kuuliza. Nimefundishwa darasani kabisa: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Nimewahi kumuuliza mkurugenzi swali mpaka akakunja karatasi zake akaondoka. Lakini pale dukani sikuuliza hata moja. Nilichokuwa nakiona ni chenji. Simu yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka miezi miwili. Hesabu zilikaa zenyewe kichwani.

Nikafika kwa fundi wetu, kijana mmoja mwenye gereji bubu chini ya mwembe. Akaishika galoni, akaigeuza, akaniangalia. "Kaka, gari hili si ni CVT? Una uhakika na hii?" Nikamwambia wenye duka wamesema inaingia gari zote. Akauliza mara ya pili. Nikamjibu kwa ile sauti ya mtu mwenye kitambulisho shingoni: "Fundi, weka tu, nina mkutano na waandishi saa tano." Akaweka.

Siku za kwanza gari lilikwenda vizuri tu. Mjomba akarudi, akaendelea na kazi. Wiki ya pili akaanza kusema anasikia mvumo kama wa nyuki chini ya miguu. Baadaye likawa linatetemeka wakati wa kuondoka. Kisha kwenye vilima injini inapiga kelele lakini gari halisogei kwa kasi ya kelele zake. Mwisho, asubuhi moja, likalala katikati ya foleni ya Barabara ya Mandela likiwa na abiria anayewahi ndege. Ukikanyaga mafuta injini inanguruma, tairi hazina habari. Abiria alimtukana mwalimu mstaafu mbele ya watu, akapandisha sanduku lake kwenye bodaboda, akaondoka.

Jioni mjomba akaniambia twende kwa fundi. Alimwambia maneno makali mbele ya wateja wake, na mwisho akasema, "Kijana, umeniua." Fundi akamsikiliza mpaka mwisho. Akaniangalia mara moja. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Fundi hakunitaja. Alisema tu, "Samahani mwalimu."

Gari likavutwa mpaka gereji nyingine, kwa mzee mmoja anayeheshimika kwa gia boksi za oto. Shikamoo, marahaba, akaomba tumfungulie dashibodi. Nilidhani anatafuta kadi ya gari. Akatoa kitabu cha gari, kile cha Kijapani, ambacho tangu gari linunuliwe tulikitumia kuegemezea risiti. Akafunua kurasa za mwisho, kwenye jedwali la vipimo, akaweka kidole. Katikati ya yale maandishi ya Kijapani kulikuwa na herufi ambazo hata mtoto wa darasa la kwanza angezisoma: CVT, na mbele yake TC. "Hiyo ndiyo oili ya gari hili," akasema. "Mliweka nini?"

Mjomba akasema hajui, aliyeweka ni yule fundi. Mimi nikakohoa.

Mzee akafungua sampu ya gia boksi. Oili ilitoka nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungua, na zile sumaku za ndani zilikuwa zimeshika uji wa unga wa chuma. Akatueleza, na nitajaribu kueleza kama yeye.

Oto ya kawaida ina klachi kadhaa zilizolowa ndani ya oili. Oili hiyo hiyo inafanya kazi nne: inapokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia, inasukuma zile klachi zikamate, inalainisha, na inapooza. Kukamata kwenyewe kunategemea dawa zilizochanganywa kiwandani. Ikiwa laini mno klachi zinateleza na kuungua, ikiwa kali mno gari linagonga kila gia inapobadilika.

CVT ni mnyama mwingine. Ndani yake kuna puli mbili zinazojitanua na kujibana, na mkanda wa chuma unaopita katikati yake. Chuma kinakamata chuma. Oili yake inatakiwa iache chuma kishike chuma bila kuteleza na bila kulana. Ukiweka ATF ya kawaida, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na unga wake unazunguka gia boksi nzima. Ukishafika hapo, kumwaga na kuweka oili sahihi hakurudishi kilicholiwa.

Niliporudi nyumbani nikafanya kile ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kwenda Gerezani: nikasoma. Nikakuta hata hadithi ya nyangumi. Zamani ATF za Marekani, pamoja na Dexron za GM, zilichanganywa na mafuta ya nyangumi ili kupata ule mshiko sahihi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi, watengenezaji walilazimika kutafuta dawa mbadala, na gia boksi nyingi zilisumbua katika mabadiliko hayo. Yaani kiungo kimoja tu! Halafu mimi nakubali kuambiwa galoni moja inaingia gari zote.

Basi haya ndiyo niliyoyaokota, kwa faida ya wenye magari ya mtumba:

1. Jina la gari halitoshi. Vitz ya umbo lile lile inayovuta tairi zote nne ina oto ya gia nne, si CVT. X-Trail ya T30 ni oto ya kawaida, ya T31 ya petroli iliyotoka Japani kwa kawaida ni CVT na inataka NS-2. Angalia namba kamili ya modeli kwenye bamba la gari, kisha kitabu. Kama ni cha Kijapani usiogope, jina la oili mara nyingi limeandikwa kwa herufi zetu, na simu za siku hizi zinatafsiri picha.

2. Hata oto za kawaida hazifanani. Toyota nyingi za miaka ya 1990 mwishoni na 2000 mwanzoni zinataka T-IV, na mara nyingi imeandikwa kwenye stiki ya kupimia. Zilizofuata zinataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Moja si mbadala wa nyingine. Honda nao wana zao: Fit ya kwanza yenye CVT inataka HMMF.

3. Dexron III siku hizi ni jina tu. GM waliacha kutoa leseni ya kiwango hicho mwishoni mwa mwaka 2006, wakabaki na Dexron VI. Galoni mpya ya leo iliyoandikwa Dexron III haina anayeithibitisha kwa niaba yao.

4. Rangi si kiwango. Wekundu ni rangi ya kutiwa, ili usiichanganye na oili ya injini ukiona imevuja. Ila badiliko la rangi lina habari: kahawia nzito yenye harufu ya kuungua ni uchakavu, na ikiwa kama maziwa ya waridi ujue maji ya rejeta yameingia.

5. Ukifungua nati ya chini haitoki yote, nyingine inabaki ndani. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho, halafu hakikisha kimo. Kwa Toyota zenye stiki, pasha gari moto, simama tambarare, pitisha gia zote taratibu, rudisha P, injini ikiwa inaunguruma, ndipo upime. Honda wanataka injini izimwe kwanza. Zisizo na stiki zinapimwa kwa joto maalumu la oili, hapo mwachie fundi mwenye kifaa.

6. Ukisikia oili ni ya maisha yote ya gari, jiulize maisha ya nani. Gari letu limeshaishi maisha yake Japani, sasa linaishi la pili kwenye foleni na joto la Dar.

Sasa turudi kwenye deni.

Gia boksi ya mtumba, kazi ya kuifunga na oili sahihi ya TC vilifika karibu milioni moja na laki mbili. Mjomba alikopa kwenye kikoba cha shangazi. Usiku ule nilimsikia akipiga hesabu kwa sauti ya chini sebuleni, ada ya binamu ikisogezwa mwezi wa mbele. Kioo cha simu yangu kilikuwa kipya kabisa. Kiling'aa kila nilipokigusa.

Nikatoka chumbani nikamwambia. Dukani, chenji, kioo, fundi aliyeuliza mara mbili. Yote. Nilitegemea anifukuze. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Kwa hiyo nilimfokea mtu asiye na kosa." Hakuzungumzia hela. Akavaa kandambili, saa tatu usiku, akatoka. Nikamfuata.

Tulimkuta fundi anafunga vyombo vyake. Mjomba akamwomba radhi kwa heshima zote, mzee wa miaka sitini na kitu kwa kijana wa ishirini na kitu. Nami nikaomba. Nikamuuliza (sasa ndiyo nakumbuka kuuliza!) kwa nini siku ile hakunitaja. Akaendelea kufuta spana zake.

"Wewe unaishi kwake," akasema. "Mimi nina wateja wengine."

Wadau, sentensi hiyo nimelala nayo wiki zote hizi nilizokuwa kimya. Kumbe hata hao wateja wengine, wawili walikuwa wameshahama kwa sababu ya maneno ya siku ile. Nimewafuata mmoja mmoja nikawaeleza. Mmoja amerudi. Mwingine ameniambia atafikiria.

Mjomba nalipa laki moja kila mwezi, nimebakiza miezi minane. Gari linakwenda, mvumo hakuna. Kila linapokwenda kwa fundi yule kijana, mjomba ananituma mimi na kitabu cha Kijapani, nisome kwa sauti, kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa.

Ombi langu kwako leo ni dogo. Kabla hujalala, nenda kafungue dashibodi ya gari lako, toa kile kitabu, futa vumbi, tafuta ukurasa wa oili. Na fundi akikuuliza "una uhakika?", usimwambie aweke tu.