Ufunguo mmoja, mifuko mingi

Leo naungama kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kupokea maagizo ya malipo kutoka kwa seva ya mteja wetu. Kila agizo lilikuja na muhuri wa HMAC, mbinu iliyochapishwa mwaka wa 1996. Seva ya mteja inauchanganya ujumbe na ufunguo wa siri, muhuri unatoka. Seva yetu ina ufunguo uleule, inapiga hesabu ileile. Mihuri ikilingana, ujumbe haukuguswa njiani.

Asubuhi moja tukakuta agizo la uongo limepita, muhuri wake sawa kabisa. Mkubwa akauliza nani alikuwa zamu usiku ule. Alikuwa kijana mgeni kazini. Nikaambiwa nilete ushahidi kutoka kwenye kumbukumbu za seva ili afutwe.

Nilizikodolea macho saa mbili nzima. Jamani, ushahidi haukuwepo! HMAC inakuambia kwamba mtumaji anao ufunguo. Haikuambii ni yupi kati ya walio nao. Nikaanza kuhesabu: seva ya mteja, seva yetu, na watu watano niliowatumia ufunguo kwa barua pepe, mimi mwenyewe. Mmoja wao alikuwa ameshaacha kazi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini kata zikiwa saba utauliza ipi?

Nikamwambia mkubwa hivyo hivyo, na kwamba aliyegawa ufunguo ni mimi. Alinikaripia sana, lakini kijana akabaki kazini. Mwizi hatujamjua hadi leo.

Kumpa kila jozi ya watu ufunguo wake hakufiki mbali: watu 10 wanahitaji funguo 45, watu 100 funguo 4,950. Mwaka wa 1976 Diffie na Hellman walionyesha njia nyingine: kila mtu ana ufunguo wake wa faragha wa kutia sahihi, na mwenzake wa hadharani ambao yeyote anautumia kuikagua. Maagizo yetu ya malipo tukayahamishia huko.

HMAC haina ubaya, bado naitumia pale pande mbili zinapoaminiana. Ila kabla ya kumpa mtu ufunguo, jiulize: siku mambo yakiharibika, nitaweza kumtetea asiye na hatia?

Haya, tuonane tena.